Lori Lisiondoke Tupu

Karibu, mtafiti, karibu sana. Kaa hapo kwenye gogo. Kiti kipo, ndiyo, unakiona, lakini kile ni cha Serikali. Kililetwa ili Mkuu wa Wilaya akija asikae kwenye gogo, na kwa kuwa hajaja kukikalia, na sisi hatujakikalia. Nisamehe siinuki kukupa mkono, usichukulie vibaya. Gari umeliacha nyuma ya nyumba, kivulini? Vizuri sana. Hukufunga milango? Aa, usihangaike kurudi, bwana wee! Hapa hakuna mwizi. Hakuna kilichobaki cha kuibwa.

Unasema Chuo Kikuu kimekutuma uulize ni mambo gani yanayomshawishi mkulima mdogo auze mihogo yake. Swali tamu kabisa, na umefika penyewe. Mimi, Lugata, ndiye Mpiga Makofi Mwandamizi wa kata hii. Usicheke, ni cheo. Kiongozi akihutubia, watu wa kawaida hawajui kama sentensi imekwisha au anapumua tu. Kazi yangu ni kujua. Ninaanza mimi, umati unafuata. Mwenzangu wa kata ya jirani alipiga makofi wakati Waziri anapumua. Sijui yuko wapi siku hizi, na siulizi.

Basi nitakueleza yote, bila haraka. Una haraka? Huna. Vizuri.

*

Zamani, mtafiti, tulikuwa watu wa ovyo. Katika Nchi hii (jina lake bado linajadiliwa na kamati, kwa hiyo tunaiita Nchi tu) tulikuwa tunapanda mihogo halafu tunaiacha ardhini. Hebu fikiria aibu hiyo! Mihogo michungu, ile ambayo nguruwe pori akiionja anatema, imelala shambani mwaka na zaidi, na mwenyewe anapita pembeni anapiga mluzi. Tukiona njaa tunachimba kidogo. Tukibakiwa, tunauza. Mvua ikigoma na mahindi yakaungua, hatuna wasiwasi, kwa sababu chakula kiko chini ya miguu yetu. Serikali iliumia sana kuona watu wasio na wasiwasi.

Mke wangu Nyamizi ndiye aliyekuwa kinara wa uovyo huo. Alikuwa na kidimbwi chake pale bondeni. Mihogo akishaimenya anaitosa humo, inakaa mpaka ichoke. Siku hahesabu. Anashuka, anazamisha mkono, anabonyeza muhogo kwa kidole. Kidole kikizama kama kwenye papai bivu, anaitoa, anaianika juu ya miamba, tunapata udaga wa kusaga unga. Kidole kikigoma, anairudisha majini, hata kama nyumba nzima inalia njaa. "Bado mchungu huu," anasema, "mnataka niwaue?" Na kidimbwi kikiiva, we! Harufu inakupokea njiani. Mgeni akiisikia anajua kwamba kwa Lugata wanakula.

Na huyo uliyemsalimia pale mlangoni ni mwanangu Kabula. Kazi yake ilikuwa kusindikiza wageni. Mgeni akiaga, Kabula anachukua mzigo wake, wanaongozana mpaka mgeni mwenyewe aseme, "Basi, mwanangu, rudi." Asiposema, mtoto hageuki. Ndivyo tulivyomlea, na ndivyo tulivyolelewa. Bwana mifugo mmoja, mtu wa mbali, hakuyajua maneno hayo. Kila akitazama nyuma mtoto yupo, naye kwa adabu zake anaona haya kumfukuza. Walifika kijiji cha pili! Tulimfuata huku tunacheka mpaka mbavu zinauma. Kurudi alikuwa harudi kwa kutembea, yule. Alikuwa anakimbia njia nzima, unaona vumbi tu.

Unatazama nini huko nyuma? Hiyo kelele ni mke wangu, anafukuza kuku.

*

Sasa, Mheshimiwa Mlezi wa Nchi, ambaye redio ilituambia halali kwa kutufikiria, akauliza swali hilihili lako. Ikaundwa Tume. Ikaja hapa na Profesa Maelezo, mtu mwenye miwani mbili usoni, moja ya kuona karibu na nyingine ya kuona maendeleo. Akakaa hapo hapo ulipokaa.

"Mama," akamuuliza Nyamizi, "ni mambo gani yanayokushawishi kuuza mihogo?"

"Nikibakiwa nauza. Nisipobakiwa tunakula."

"Jibu hilo ni fupi mno, mama. Tume imepewa posho ya mwezi mzima."

"Basi andika polepole," mke wangu akasema.

Profesa hakuandika. Alizunguka kata nzima, akala kuku wetu, kisha ukaitishwa mkutano wa hadhara kusomewa matokeo. Kwanza, alisema, wanaokaa karibu na barabara wanauza kuliko wanaokaa mbali. Makofi. Pili, mwenye njaa ni mwepesi wa kuuza, aliyeshiba ni mgumu kushawishika. Makofi. Tatu, utafiti umethibitisha kwamba muhogo ulioko majini haujawahi kununuliwa na mtu yeyote. Makofi, na vigelegele juu.

"Kwa hiyo," Profesa akamalizia, akivua miwani moja, "tuilete barabara, tuipunguze shibe, na tuyaondoe maji."

Niliona sentensi imekwisha kweli, nikaanza. Watu wakafuata. Nyamizi alikuwa amefumbata mikono kwapani, lakini kwenye umati hilo halionekani.

*

Barabara ikaja. Katapila lilinyooka likapita kwenye maharage, likapita kwenye karanga, na mimea hiyo, tukaelezwa, ilikuwa inashindana na muhogo, kwa hiyo isipandwe tena. Likafukia kidimbwi cha mke wangu. Likaja mpaka hapo mlangoni, kama unavyoona. Ukitoka ndani bila kuangalia kulia na kushoto, unagongwa.

Halafu likaja lori. Nisikufiche, mtafiti, mwanzoni tulifurahi. Nani asiyependa hela? Nyamizi alinunua godoro, mimi nikanunua redio. Kabula alipata viatu, akavivaa siku moja, akavivua kwa sababu vinamchelewesha kukimbia. Wanunuzi walikuwa wanachukua mihogo kupeleka kiwandani kutengenezwa gundi, na tulijisikia watu wakubwa kujua kwamba bahasha za Nchi nzima zinafungwa kwa jasho letu. Hakuna aliyetulazimisha. Siku zile hakuna.

Ila lori lilikuwa linakuja kila mara, na muhogo hauoti kila mara. Siku moja dereva alipiga honi, akasubiri, akaondoka bila kitu. Keshoye tukamwona Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Kishindo, amepanda juu ya kreti la soda.

"Ndugu wananchi! Lori tupu ni tusi! Lori tupu ni hujuma! Kuanzia leo, lori likipiga honi, lisiondoke tupu!"

Makofi. Ndiyo sheria yetu kubwa sasa. Imechorwa ukutani kwa rangi nyekundu, hata ukutani kwangu, umeiona ulipokuwa unaingia.

Tukachimba iliyokomaa. Tukachimba isiyokomaa. Minene ikaenda na lori, myembamba ikabaki ya kula. Hata hivyo Mheshimiwa aligundua kwamba bado tunachelewa, kwa sababu ya kuloweka. Akapanda tena kwenye kreti.

"Nyinyi mnaloweka muhogo mpaka uoze! Nani kawaambia maendeleo yanaoza? Muhogo wowote, wa kuuza au wa kula, utalala majini usiku mmoja tu! Asubuhi uko nje!"

Nyamizi akanyoosha mkono. Mimi pale nilikuwa natafuta pa kuuficha uso wangu.

"Mheshimiwa," akasema, "na uchungu wake utakwenda wapi?"

"Mama, uchungu ni mtazamo!" Mkuu wa Wilaya akacheka, na watu wakacheka, na wote wakanigeukia mimi. Nikapiga makofi.

Usiku ulipofika, mke wangu akaingiza mtungi uvunguni mwa kitanda, akaloweka kwa siri kama alivyozoea. Angeweza kuficha mtungi, lakini harufu ile utaificha wapi? Serikali ilikuwa imeshaliona hilo. Kulikuwa na Kikosi cha Pua, vijana waliochaguliwa kwa wepesi wa kunusa, wenye sare na filimbi. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanasimama dirishani, wanavuta pumzi. Waliingia humu ndani, wakainama uvunguni, wakautoa mtungi, wakaumwaga hapo barabarani. Nyamizi akapiga magoti kuokota. Mmoja wao akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, acha. Tutaandika kwamba ulikuwa mchele."

Tangu hapo tukawa tunakula muhogo wa usiku mmoja. Asubuhi, mchana, jioni. Maharage hayapo, karanga hazipo. Kichwa kinagonga, tumbo linakataa, lakini njaa ni njaa.

Kuku? Ah, ni kweli, umesikiliza vizuri. Kuku walikwisha zamani. Basi mke wangu anafukuza kitu kingine huko nyuma. Kaa, kaa, sijafika kwenye jibu.

*

Wa kwanza alikuwa jirani yetu Mhoja, mama mmoja mcheshi. Aliamka akataka kusimama, miguu ikakakamaa. Haimuumi, haijavimba, ila hainyooki, na akiilazimisha anatembelea ncha za vidole na magoti yanagongana. Akadhani amerogwa. Kisha dada yake. Kisha watoto wa shule, nusu ya darasa, wanakwenda kwa kujikokota kwenye mchanga.

"Ni mihogo," Nyamizi akaniambia. "Baba Kabula, ni mihogo hii. Bibi yangu alinisimulia mwaka wa njaa, watu walikula haraka wakabaki wamekaa maisha yao yote. Kamwambie huyo Kishindo wako."

Nikaenda. Mheshimiwa alinisikiliza ofisini kwake huku akila wali, akamwita Profesa Maelezo. Profesa alikuja na miwani tatu. Akawatazama kupitia dirishani watu wetu waliokaa kando ya barabara, akafurahi mpaka akashika kichwa.

"Ajabu!" akasema. "Asiyetembea anashinda kando ya barabara. Anayeshinda kando ya barabara hakosi lori. Kwa hiyo kukaa kunaongeza mauzo! Huu si ugonjwa, Mheshimiwa. Huu ni Mkao wa Kibiashara!"

Nilipiga makofi nikiwa peke yangu mle ofisini, mtu mmoja. Sauti yake niliichukia.

*

Habari za Mkao zikamfikia Mlezi wa Nchi, akaamua kuja kuuona kwa macho yake. Ratiba ikapangwa: Kabula wangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mbio kuliko watoto wote wa kata, atakimbia na kikapu cha mihogo kutoka ghalani mpaka jukwaani, amkabidhi Mheshimiwa Mlezi.

Asubuhi ya siku hiyo Nyamizi akanivuta shati. "Mtoto analalamika magoti. Tangu juzi. Mwambie Kishindo atafute mwingine."

Nikamwambia. Mheshimiwa Kishindo akanijibu kwamba ratiba imeshapigwa muhuri, na muhuri hauumwi magoti.

Mtafiti, niliogopa. Nasema wazi, niliogopa yule mtu mkubwa na nikamwogopea mwanangu, na woga wa kwanza ukashinda wa pili. Kabula akatoka ghalani na kikapu kichwani. Alianza vizuri. Mbele ya jukwaa, pale kwenye zulia, miguu ikakataa. Akaanguka kwa magoti, mihogo ikatawanyika. Akajaribu kuinuka, akashindwa, akajaribu tena. Nikamwona ananitafuta kwa macho, mimi baba yake, kwa sababu yeye alidhani baba yake ana la kufanya.

Mlezi wa Nchi akasimama, machozi yanamlengalenga.

"Amepiga magoti!" akasema. "Mtoto mdogo hivi, ana nidhamu namna hii!"

Kishindo akanitazama. Sentensi ilikuwa imekwisha. Nikapiga makofi.

Nyamizi akaingia kwenye zulia la Serikali na miguu yake yenye vumbi, akambeba mwanawe mgongoni, akaondoka naye katikati ya makofi hayo. Tangu siku ile hajanisemesha. Tunakaa nyumba moja, tunakula chungu kimoja, na akiwa na jambo anamwambia Kabula, "Mwambie baba yako." Mpaka leo asubuhi, ulipopiga hodi. Leo amenisemesha mwenyewe, neno moja. Nitakwambia.

*

Mihogo imekwisha, mtafiti. Tulichimba mpaka vipande vya mbegu. Lakini lori bado linakuja, na sheria haijafutwa. Likapakia kuku. Likapakia mbuzi, vinu, milango. Ndiyo maana unaona tumetundika kanga pale. Godoro likaenda, na redio. Wiki iliyopita dereva alipiga honi na kata nzima haikuwa na kitu cha kupakia. Kishindo akashuka, akaangaza huku na huku, akamwona Mhoja amekaa kwenye mkeka wake kando ya barabara.

"Maonyesho ya Taifa yanahitaji mifano hai ya Mkao wa Kibiashara," akasema.

Wakambeba na mkeka wake. Mhoja alidhani ni mzaha, alikuwa anacheka mpaka wanafunga bodi ya nyuma. Maonyesho hayo yako wapi? Hakuna anayejua. Lori lilirudi, mkeka ulirudi, Mhoja hakurudi. Nimeuliza. Mimi, nisiyeuliza! Nikaambiwa mauzo yalikwenda vizuri.

Na leo ni zamu ya lori tena. Aliyechaguliwa walimtangaza jana, na mimi nilikuwepo, walinibeba kwenye machela mpaka mkutanoni ili nianzishe makofi. Ndiyo, machela. Siinuki kukupa mkono kwa sababu siwezi, mtafiti. Miguu yangu nayo imeingia biashara. Mikono tu ndiyo mizima, na jana ilipofika saa yake, walisema jina la aliyechaguliwa, sentensi ikaisha, watu wakanigeukia. Mikono ikabaki mapajani. Kishindo akarudia jina. Mikono ikabaki mapajani. Hakuna aliyepiga makofi mkutano mzima, maana hawajui kuanza bila mimi. Sijui watanifanya nini, na leo silijali hilo.

Jina walilosema ni Kabula.

Sasa sikia, na usigeuke. Nakuomba usigeuke. Ulipoingia hapa uliinama pale mlangoni, ukamshika mwanangu mkono, ukamuuliza jina lake na anasoma darasa gani. Wenzako wote huwa wanaitazama miguu yake tu. Nyamizi alikuwa nyuma ya kanga, alikuona. Akanijia hapa akaniambia hilo neno lake moja: "Ongea."

Nami nimeongea. Umeona nilivyoongea. Nilipokuwa nakusimulia habari za kidimbwi, mke wangu alikuwa anatandika nyuma ya gari lako. Nilipofika kwenye katapila alikuwa anambeba mtoto. Wapo chini ya lile turubai lako la kijani, nadhani mama ameshatoka. Ameweka na kibuyu cha maji. Mtoto hatalia, tumemwambia.

Unaisikia? Hiyo ni honi. Iko pale kwenye daraja, haijafika. Simama polepole, kama mtu aliyemaliza maswali yake. Wakikusimamisha, waambie Mpiga Makofi amekueleza kila kitu na umeridhika. Kuna hospitali ya misheni ng'ambo ya mpaka, wanajua kuwafundisha watoto kama yeye kutembea na magongo. Swali lako andika jibu lolote utakalo.

Nisamehe kwa kutokuinuka. Nyumba hii haijawahi kumwacha mgeni aondoke peke yake. Kabula anakusindikiza, kama alivyowasindikiza wageni wote waliowahi kufika hapa. Kuna maneno anayoyangoja, yale niliyokueleza, na ukiyasema tu atataka kugeuka, hata kwa kutambaa. Ndivyo tulivyomlea. Haya, mtafiti, nenda, na nakuomba usimwambie arudi.